Utungaji papo kwa papo: jina la kitendo kikuu cha jazi

Kwa wapenzi wa dansi Tanzania, jazi ni Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: bendi za magitaa zilizokesha zikipiga rumba na twisti, zikiwa zimeazima jina la muziki ambao hazikuupiga sana. Hapa tunazungumzia jazi ya Marekani, ya akina Louis Armstrong na Charlie Parker, na hasa kitendo chake kikuu: mpiga saksafoni anasimama, wenzake wanamshikia mwendo, naye anatoa muziki usioandikwa popote. Wapo wanaokiita ubunifu wa papo hapo, wapo wanaosema utungaji papo kwa papo, na mitaani utasikia tu "kapiga solo".

Majina haya hayapimiki vizuri mpaka utazame kitendo chenyewe kinavyofundishwa. Mwaka 1967 mpiga saksafoni wa Indiana, Jamey Aebersold, alitoa santuri na kijitabu cha kumfundisha mtu jazi akiwa nyumbani kwake. Ndani ya santuri mna piano, besi na dramu. Nafasi ya saksafoni au tarumbeta imeachwa wazi, na mwanafunzi ndiye wa kuijaza. Besi imewekwa upande mmoja wa stirio na piano upande wa pili, kwa hiyo mwanafunzi wa besi huzima spika moja akashika zamu yeye. Santuri hiyo ilizaa mfululizo ulioendelea hadi juzuu ya 133.

Juzuu ya tatu ndiyo inayotufaa zaidi, maana imejengwa juu ya mpangilio mmoja wa kodi (nota zinazolia pamoja, si zile za mamlaka ya mapato): kodi ya pili ya skeli, kisha ya tano, kisha ya kwanza. Katika ufunguo wa C tunaanza na re-fa-la-do, tunakwenda so-ti-re-fa, tunatua do-mi-so-ti. Aliyewahi kuimba kwaya kwa sol-fa ataona jambo. Ile do ya mwanzo inashuka nusu toni tu na kuwa ti ya kodi inayofuata. Halafu fa ya kodi hiyo nayo inashuka nusu toni na kuwa mi ya kodi ya mwisho. Mpigaji anayeijua miteremko hiyo miwili anaweza kuzizungusha nota atakavyo, na msikilizaji bado atasikia kodi zikibadilika, hata piano ikinyamaza. Asiyeijua ataongeza kasi, na kila mtu atajua kapotea.

Halafu kuna kusikiliza na kuiga. Parker, kijana wa Kansas City, alizikariri solo za mpiga saksafoni Lester Young kutoka kwenye santuri, nota kwa nota. Zake yeye zilikuja kunakiliwa katika kitabu, Charlie Parker Omnibook, kilichotoka mwaka 1978, na mpaka leo wanafunzi wanakesha nazo. Na moto wote ule wa "Ko-Ko", aliyoirekodi mwaka 1945, unawaka juu ya kodi za "Cherokee", wimbo wa Ray Noble uliokuwa umeshazoeleka.

Ndiyo maana neno ubunifu silipendi hapa. Kubuni kunadokeza kitu kilichozuka kichwani bila asili, tena kunakaribiana na uzushi: habari ya kubuni, sababu ya kubuni. Kutunga ni kwingine. Mtunga shanga hazitengenezi shanga wakati ule. Anazo tayari, na uzi anao. Kazi yake ni kuchagua ipi ifuate ipi, na mpiga jazi afanya hivyohivyo, ila uzi wake haumsubiri. Washairi wetu nao wanalijua neno hili. Malenga anayejibu beti hadharani hutunga papo kwa papo, na vina na mizani haviachi. Hakuna anayesema anababaisha.

Mtu wa taarabu atauliza, mbona taksimu tunayo? Kweli tunayo: Zanzibar mpiga udi au kanuni hucheza peke yake ndani ya makamu, yaani ngazi ya nota aliyoichagua, bila kufungwa na mapigo. Ni ndugu wa karibu sana. Lakini taksimu haina kodi zinazokimbia chini yake, wala mzunguko unaorudi palepale upende usipende. Tuiachie jina lake. Solo nayo ni nafasi anayopewa mpigaji. Inaweza kuandikwa nota kwa nota na kukaririwa wiki nzima kabla ya onyesho, ikabaki solo, na hakuna kilichotungwa siku hiyo.

Basi kwa walimu wa muziki na wahariri wa kamusi: kitendo kiitwe utungaji papo kwa papo, kitenzi kiwe kutunga papo kwa papo, na solo libaki jina la nafasi. Atakayeandika kitabu cha mazoezi ya jazi kwa Kiswahili asimwambie mwanafunzi wake abuni. Ampe kodi kwanza.