Cheti cha Kamba na Kazi ya Kuokoa

Mwajiri anayepeleka mafundi kwenye minara ya simu, mitambo ya upepo au kuta za maghorofa huuliza kwanza ni cheti kipi cha uokoaji kwa kamba kinachotambuliwa zaidi. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo linatangulia pasipo haki. La kwanza ni nani atakayenasa juu, atanasa mahali gani, na nani atamfikia.

Septemba 1970, Gert Judmaier na Oswald Oelz, madaktari wawili kutoka Austria, walikuwa karibu na kilele cha Batian kwenye Mlima Kenya pale Judmaier alipoanguka na kuvunjika mguu vibaya. Wapanda milima wa Kenya walimfikia. Hawakukosa ujasiri wala ustadi wa kupanda miamba, na rubani wa helikopta iliyokwenda kusaidia alipoteza maisha. Hata hivyo, aliyekuja kumteremsha Judmaier, baada ya zaidi ya wiki moja mlimani, ni kikosi cha waokoaji kilichosafiri kwa ndege kutoka Innsbruck. Kupanda mwamba ni fani moja. Kumshusha majeruhi kwenye mwamba huohuo, katika hewa nyembamba ya mita 5,000, ni fani nyingine kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo inayofichwa na vyeti. Mfumo wa IRATA, chama cha kampuni za kazi za kamba uliozaliwa Uingereza, una ngazi tatu za mafundi. Ngazi ya kwanza huhitaji angalau siku nne za mafunzo na siku ya tano ya mtihani, chini ya mtathmini asiye mwajiriwa wa chuo kinachofundisha. Kupanda ngazi huhitaji mwaka mmoja na saa 1,000 za kazi zilizoandikwa daftarini, na cheti hudumu miaka mitatu. Nauona huu kuwa mfumo mzuri, hasa kwa sababu ya mtathmini huyo wa nje. Lakini uokoaji wake umejengwa juu ya hali mahususi: mwenzako amening'inia kwenye kamba mbili mlizozifunga wenyewe, na msimamizi wa ngazi ya tatu yupo palepale. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, kwa upande wao, vilitungwa kwa vikosi vya zimamoto vinavyoitwa visikokujua, kumwokoa mtu visiyemjua. Fundi wa mnara aliyepanda kwa ngazi ya chuma, bila kamba ya pili, hayumo barabara katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Wapo watakaosema kwamba cheti chochote ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Ni kweli kwa mfanyakazi mmoja mmoja. Kwa kampuni ni hatari, maana karatasi ikishaingia kwenye faili, mpango wa uokoaji huhesabiwa umekamilika. Mtu aliyening'inia bila kujongea ndani ya mkanda wa usalama anaweza kuzimia baada ya muda mfupi tu, hata kama hana jeraha. Kupiga simu zimamoto na kungoja gari lipenye foleni ya mjini hakuwezi kuitwa mpango. Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 zinalitambua jambo hili: kwa kazi ya kamba zinadai mafunzo yanayolingana na shughuli inayokusudiwa, taratibu za uokoaji zikiwemo.

Kuna pia suala la mikono kusahau. Miaka mitatu ni muda wa karatasi. Fundo lisilofungwa kwa miezi sita hufungwa kwa kusitasita, na anayesitasita juu ya mnara humpotezea mwenzake dakika. Zoezi la mara kwa mara kwenye eneo lenyewe la kazi, kwa vifaa vilevile vya kila siku, lina thamani zaidi kuliko kupandishwa ngazi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa mafunzo, mtake mkufunzi aje kwanza auone mnara wenu na aeleze atamshushaje mtu kutoka pale. Akikataa kuja, tafuta mwingine.