Nyumba ya Ngong na Nyumba Yetu

Wanakwaya tuliokwenda ziara ya Nairobi tulipita Karen, chini ya vilima vya Ngong, tukaiona nyumba ambayo tungependa kila mshirika aijue kabla ya kikao kijacho.

Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Haina ghorofa. Imetandazwa chini kwa upana, kuta za mawe ya kuchongwa, paa la vigae, vyumba vikubwa vyenye mbao ukutani. Veranda yake pana si pambo. Inazuia jua la mchana lisipige ukuta na mvua isifike madirishani. Wazungu walijenga nyingi za namna hiyo Nairobi miaka ile, na nyingi zimekwisha bomolewa.

Mwandishi Karen Blixen kutoka Denmark alihamia humo mwaka 1917 pamoja na mumewe, Bror, kwa ajili ya shamba la kahawa. Kahawa ilikataa. Shamba lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000. Ukame ukaja, kiwanda kikaungua, bei ikaanguka. Mwaka 1931 aliondoka. Kabla ya hapo alizunguka ofisi za serikali akiomba Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani wahamishiwe mahali pamoja, wasitawanywe, naye akakubaliwa. Tunamheshimu kwa hilo, ingawa hatusahau kwamba watu hao walihesabiwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Hata kahawa ilikuwa ya walowezi tu. Waafrika waliruhusiwa kuipanda miaka ya 1930, na Gusii yetu ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza. Wazee wetu wakalipa karo kwa zao lililomshinda mwenye nyumba ile!

Baada ya Uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuipa Kenya zawadi. Ikatumika kama chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Maana yake haikuponea kufuli. Iliponea kazi: palikuwa na watu ndani wa kuona paa likivuja.

Hapo ndipo tunapofikia nyumba ya zamani nyuma ya kanisa, tunamofanyia mazoezi tangu kwaya ianze. Kuna pendekezo ibomolewe, pawe maegesho ya magari. Tunajua magari yamekuwa mengi, na Jumapili ya harusi hata pikipiki hukosa nafasi. Lakini mawe yake ni mazima na veranda yake bado inawakinga watoto wa shule ya Jumapili mvua ya saa nane. Kilichooza ni gata, na maji yanashuka kwenye pembe moja ya ukuta.

Tunaomba kikao kikubali sehemu ya sadaka ya Jubilei iende huko. Fundi ameshapima: gata kwanza, kabla ya mvua za Machi, kisha mabati ya upande wa nyuma.