Fomu za mtandaoni: zinaundwaje, na kwa nini nyingine hukwamisha watu

Kuomba ajira serikalini, mkopo wa elimu ya juu au nafasi ya chuo siku hizi huanzia kwenye fomu ya mtandaoni. Fomu ikiundwa vibaya, mwombaji wa Kaole au Mapinga huishia steshenari akilipia kujaziwa, au muda wa maombi humpita.

Fomu hizi huundwa kwa HTML, lugha ya kupangia kurasa za tovuti. Tuchukue mfano wa kikundi cha ngoma cha Bagamoyo kinachotaka kuandikisha vijana. Vipengele vyake vikuu ni hivi:

• "form": hubeba fomu nzima na kueleza majibu yapelekwe wapi.
• "label": maandishi yanayosema kisanduku kinauliza nini. Likiunganishwa na kisanduku chake, programu ya kuwasomea wasioona hulitamka.
• "input": kisanduku cha jibu fupi, kama jina, simu au tarehe ya kuzaliwa.
• "select": orodha ya kuchagua, mathalani kata: Dunda, Magomeni, Zinga, Kerege.
• "textarea": nafasi ya maelezo marefu.
• "button": kitufe cha kutuma.

Neno "required" likiongezwa, kivinjari hakitatuma fomu kabla swali hilo halijajibiwa. Litumike kwa yale ya lazima tu. Si kila kijana ana barua pepe.

Namba ya simu iwekewe aina ya "tel", isiwe "number". Simu si kiasi cha kujumlisha: ikihesabiwa kama kiasi, sifuri ya mwanzo hupotea. Namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, nayo inaweza kuharibika vivyo hivyo. Kisanduku cha jina kiruhusu alama ya king'ong'o. Kinachopokea herufi tupu humkataa mtu anayeitwa Ng'wandu.

Kutuma kwa "get" huyaanika majibu kwenye anwani ya ukurasa, nayo hubaki kwenye historia ya kompyuta ya steshenari. Kwa taarifa za watu tumia "post", na tovuti iwe ya https ili zisisomwe njiani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo kikundi kiulize kinachohitajika tu, na kieleze kwa nini kinauliza. Kabla ya kuitangaza fomu, ijazeni kwanza wenyewe kwa simu ndogo yenye mtandao hafifu.