Moto Hauui Protini, Huikunjua

Vijana wanaobeba vyuma Malindi na Kilifi siku hizi hununua unga wa protini wa kopo, na kwa kuwa asubuhi ya wengi ni uji, unga huo huishia kwenye sufuria ya uji wa wimbi ungali unatokota. Haupiti muda, madonge. Meupe, yanatafunika, na mwiko hauyavunji. Hapo husikika hukumu mbili: kwamba unga ni feki, au kwamba moto umeiua protini. La feki nawaachia wanaokagua bidhaa. La pili si kweli, na chanzo chake ni istilahi ambayo Kiswahili hakijaipa jina lililotulia.

Kenya mwanafunzi hukutana na istilahi hiyo kwenye biolojia ya sekondari, katika mada ya vimeng'enya, tena kwa Kiingereza. Akitakiwa kuieleza kwa Kiswahili atasema denaturesheni, au atasema protini "imeharibika". Lawama si yake peke yake. Neno la Kizungu lenyewe maana yake ni kukiondolea kitu uasili wake, na ndilo hilo hilo wanalolitumia kwa spiriti iliyotiwa sumu isinyweke. Anayelijua kwa spiriti, akilisikia kwa uji, lazima atie shaka.

Sasa tutazame kinachotokea. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na mnyororo huo haukai umenyooka. Umekunjwa kwa mpangilio maalumu, kama leso iliyokunjwa ikatiwa sandukuni. Mwaka 1931 mwanabiokemia wa China, Hsien Wu, alieleza kwamba joto haliukati mnyororo, bali hulegeza vifungo vidogo vinavyoshikilia ile mikunjo. Baadaye Mmarekani Christian Anfinsen alikikunjua kimeng'enya, akakiondolea kilichokikunjua, nacho kikajikunja tena chenyewe na kurudi kazini. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 1972.

Kwa hiyo neno tunalo. Kunja, kunjua, kunjuka. Kiswahili kina mnyambuliko wake wa kutengua, ule wa funga na fungua, ziba na zibua, na hapa unakaa mahali pake barabara. Protini iliyopata moto imekunjuka. Tukio lenyewe tuliite mkunjuko. Wapo watakaosema tubaki na denaturesheni kwa kuwa ndiyo inayojulikana duniani. Inajulikana, lakini haimwambii mpishi chochote.

Mkunjuko peke yake haufanyi donge. Donge ni hatua ya pili: minyororo iliyokunjuka huachia wazi sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani, sehemu hizo zinanasana, na protini inashikana. Yai hupita njia hiyo hiyo. Ute wake huanza kushikana joto likivuka kidogo nyuzi 60, na hakuna anayelia kwamba yai la kuchemsha limepoteza lishe. Kinyume chake, yai lililopikwa husagika tumboni vizuri kuliko bichi, kwa sababu mnyororo uliokwisha kunjuka ni rahisi kukatwa. Hata protini ikifika tumboni haijakunjuka, asidi ya humo itaikunjua.

Unga mwingi wa makopo ni wa wei, yaani protini inayobaki kwenye maji maziwa yanapogandishwa kufanywa jibini. Ni kama sehemu moja kwa tano ya protini yote ya maziwa, nayo haistahimili moto: kwenye nyuzi 70 na kitu imeshaanza kukunjuka. Uji unaotokota Malindi, usawa wa bahari, uko kwenye nyuzi 100. Zile sehemu nne zilizobaki ni kasini, na kasini huvumilia kuchemshwa, ndiyo maana chai ya maziwa haifanyi madonge. Adui wa kasini ni ukali. Kamulia ndimu kwenye maziwa, au tia ukwaju kwenye uji uliokwisha tiwa maziwa, uone yanavyokatika bila kuongezewa moto. Anayependa uji wake na ukwaju aache maziwa.

Kwa jamii ya kunde mambo hugeuka. Soya mbichi ina protini zinazozuia vimeng'enya vya tumbo kufanya kazi. Maharage mabichi yana nyingine inayoleta kutapika na kuhara. Hizo tunataka zikunjuke, zishindwe kazi yao. Unga wa soya ambao haukukaangwa basi uchemke pamoja na uji tangu mwanzo, usinyunyizwe juu mwishoni. Mpishi anayeambiwa tu kwamba "moto huharibu protini" atakosea hapo, na kosa lake ni kubwa kuliko madonge.

Wa wei afanye hivi: auvuruge unga kwa maji baridi au maziwa baridi mpaka uwe laini, aipue sufuria, aache uji upoe hadi wa kunyweka, ndipo amimine huku akikoroga. Na aliyekwisha kupata madonge asimwage. Ayale, asidi amino zote zimo.

Nikiulizwa kama kopo lenyewe lina haja, nitasema kwa wengi wetu halina. Uji wa mahindi umepungukiwa na asidi amino iitwayo lisini, na mbaazi zina lisini nyingi. Bakuli la mbaazi za nazi, yai moja lenye gramu kama sita za protini, au unga wa dagaa waliokaushwa na kusagwa ukatiwa kwenye uji wa mtoto, vyote vinafanya kazi ile ile kwa bei ya sokoni, na hakuna hata kimoja kinachoogopa sufuria inayotokota.