Kahawa katika Njia ya Singida

Mbuni haukuwa mti wa wazee wa Kinyaturu wala wa Kinyiramba. Wao walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe na kurina asali. Na mgeni alipobisha hodi, alikirimiwa pombe au maziwa. Basi, kwa nini kahawa hata leo yaonekana Singida kama kinywaji cha watu wengine?

Jibu limo katika njia. Katika karne ya 15 kahawa ilikwisha kunywewa Yemeni, na kwa biashara ya bahari ada hiyo ikafika pwani yetu pamoja na dele na vikombe vidogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilivuka Mgunda Mkali, pori la upande wa Manyoni na Itigi. Lakini kahawa ilikuwa ya barazani kwa tajiri. Mpagazi alikuwa na mzigo wake. Kaskazini-magharibi, Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, hata katika kufunga udugu wa damu. Singida, basi, ilikaa katikati ya kahawa mbili: moja ya kunywa, moja ya kutafuna.

Baadaye mibuni ilipandwa Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, na reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912. Hata hivyo buni zililimwa ziuzwe ng'ambo, na mpaka sasa sehemu kubwa huuzwa huko. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kahawa njema yahitaji mitambo.

La hasha. Buni hukaangwa katika chungu kikavu, kwa moto wa taratibu, zikikorogwa bila kukoma mpaka ziwe rangi ya hudhurungi. Zikipoa hutwangwa kinuni. Maji yakichemka huepuliwa, yakatulia kidogo, ndipo hutiwa unga, gramu 60 kwa lita 1. Baada ya dakika 4 machicha hutua, na kahawa humiminwa polepole. Ila maji yachaguliwe: visima vingi vya Singida vina floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora zaidi.

Jambo hili si dogo. Nchi iuzayo buni bila kuijua ladha yake huachia wengine kuipima thamani. Chungu, kinu na moto vimo katika nyumba nyingi za Singida. Kilichokosekana ni mazoea tu.