Kiti cha Mwami na Vita vya Ntoto

Machi 1993, wapiganaji wa Kihunde na Kinyanga waliwavamia Banyarwanda, watu wenye asili ya Rwanda, katika soko la Ntoto, pale wilaya za Masisi na Walikale zinapopakana, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Vita vikasambaa Masisi yote. Maelfu wakauawa na wengine wengi zaidi wakayahama mashamba yao. Wengi huvieleza kuwa ni chuki ya makabila. Lakini chuki hiyo ilikuwa na swali la utawala ndani yake: mwami, yaani chifu wa jadi, anamtawala nani, na kwa idhini ya nani?

Wabelgiji ndio waliolipanda swali hilo. Amri ya mwaka 1933 iliwafanya machifu kuwa ngazi ya chini ya serikali: walikusanya kodi, waliamua kesi, waligawa ardhi. Kuanzia 1937 wakoloni walileta maelfu ya watu kutoka Rwanda waje kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Masisi, wakawapa utawala wao wenyewe wa Gishari juu ya ardhi ya Bahunde. Mwaka 1957 wakaufuta. Watu wakabaki, kiti kikaondoka.

Baada ya uhuru serikali ya Kinshasa ilizidi kulitatiza jambo. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wahamiaji waliofika kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikauondoa. Sheria ya ardhi ya 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali, ikaahidi agizo la rais kuhusu ardhi za vijiji. Miongo ikapita bila agizo hilo. Mwami akaendelea kugawa mashamba ambayo kisheria hayakuwa yake, kwa watu ambao kisheria hawakuwa raia. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1990, hesabu ya kura iliongeza hofu: nani atapiga kura, na nani atatawala?

Leo Masisi ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, pamoja na sekta za Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale ina sekta za Wanianga na Bakano. Kisheria, juu yao huwa mtawala wa wilaya, anayeteuliwa kutoka Kinshasa. Mwami wa usultani hurithi kiti chake kwa mila, na Katiba ya 2006, ibara ya 207, inamtambua. Sheria ya 2008 inataka sekta na usultani ziwe na mabaraza yaliyochaguliwa, lakini uchaguzi huo haujawafikia wananchi wa huku. Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwaka 2023 Masisi haikupiga kura hata ya rais.

Mkulima wa Ntoto hakutani na rais. Hukutana na chifu anayempa shamba, anayemwamulia kesi, anayeshuhudia kwamba yeye ni mwenyeji. Kiti hicho kikikosa baraza la kukihoji, kila asiye wa ukoo wa mwenye kiti huishi kwa hisani. Amani ya Masisi na Walikale itahitaji zaidi ya mikataba ya majenerali: itahitaji baraza la usultani na la sekta ambamo kila mkazi ana sauti.