Breki za ngoma: Jinsi ya kuzitunza na kuziboresha katika gari kuukuu

MAGARI mengi yaliyoundwa miaka ya 1950 na 1960, yakiwemo Volkswagen Beetle na Land Rover, yalitumia breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Baadhi yangali barabarani, na usalama wa abiria wake hutegemea matunzo.

Ndani ya kila ngoma mna viatu viwili vyenye umbo la hilali. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma viatu hivyo vibane ukuta wa ngoma, na gari likapunguza mwendo.

Adui mkuu wa breki hizi ni joto, kwa kuwa hunaswa ndani. Ngoma ikipata moto hupanuka na kujitenga na viatu, nayo lainingi hupoteza nguvu ya kushika. Ndiyo maana katika mteremko mrefu, kama ule wa Mai Mahiu, pedali huweza kuzama ilhali gari haliitikii. Teremka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari.

Matunzo

Viatu vinapolika, nafasi kati yake na ngoma huongezeka. Inua gurudumu kwa jeki, kaza kirekebishi hadi likwame, kisha ulegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kizuizi. Magurudumu ya upande wa kulia na kushoto yawe sawa, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Viatu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Ngoma iliyolika kupita kipimo chake cha mwisho haifai kuchongwa tena.

Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa; lilowesha, kisha ulifute kwa kitambaa.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka yakifika nyuzi 230 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama bure. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Maboresho

Wenye magari wengi hukimbilia breki za diski. Hata hivyo, lililo muhimu kwanza ni pampu kuu yenye njia mbili. Katika magari mengi ya enzi hizo pampu ina njia moja tu: mpira mmoja ukipasuka, breki zote hupotea. Pampu ya njia mbili hubakiza breki kwenye baadhi ya magurudumu.

Ukiamua kufunga diski mbele, hakikisha pampu imetengenezewa mfumo huo. Pampu nyingi za ngoma huacha shinikizo kidogo ndani ya mabomba, nalo hufanya diski ziendelee kubanwa hata dereva akishaondoa mguu.

Kazi hiyo ikikamilika, ijaribu kwa mwendo wa polepole mahali tambarare pasipo na watu kabla ya kuingia barabara kuu.